Ntuntunu Huliwa kwa Kusimama

Jamani, tangu nimerudi mnanijia mmoja mmoja, huyu na kitambaa chake cha kushona, yule hana hata kitambaa, wote swali moja: "Zuhura, Uganda kulikuwaje?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, msome wote, na atakayeniuliza tena nitamshonea gauni la mkono mmoja. Habari za tiketi na mihuri siwaelezi, hazina utamu. Nawaeleza nilivyoudhiwa, kuanzia hapa Tabora mpaka mpakani mwa Kongo.

Chanzo ni baba yangu, Mzee Yusufu Bwambale, huyu anayeshinda barazani kwangu akiwasahihisha wapita njia. Yeye ni Mkonzo, amezaliwa kwenye miteremko ya juu ya Bwera, kule Uganda. Alikuja huku kijana, utingo wa lori, akasilimu, akamwoa mama yangu, na kwao hakurudi tena. Mama yake alifariki yeye akiwa njiani na lori, habari zikamfikia maziko yamekwisha. Kaka yake mkubwa, Baluku, hakumsamehe. Simu za mkononi zilipoingia baba alimpigia mara moja. Baluku alisikia sauti, akakata.

Sasa, tangu mfungo uishe, baba hali. Uji anaonja, anasukuma bakuli. Daktari alimpima akasema ni uzee. Nami nikasema uzee gani huu unaoanza ghafla kama mafua? Ndipo siku moja akaniambia, "Zuhura, natamani ntuntunu. Za shamba la mama."

Ntuntunu ni kitunda cha mwituni. Kichaka chake hakizidi kiuno, majani laini yenye vinyoya, na kila tunda limevaa ganda lake jepesi kama karatasi. Ukilivua ndani unakuta kigololi cha manjano, kitamu chenye uchachu. Hakipandi mtu, huota chenyewe pembeni mwa mashamba. Nikamwambia, "Nitakuletea." Mdomo wangu huu! Nilipomuuliza kama Baba Mkubwa Baluku atanipa, alinitazama kidogo akajibu, "Nenda ukamwombe." Basi. Nami nasema wazi, niliogopa. Niliogopa kumzika baba yangu na hamu ya kitunda cha vichakani.

Tabora hadi Mbarara

Basi liliharibika tukiwa tumeipita Kahama. Konda akasema dakika tano. Dakika tano za konda yule mtu angeweza kuposwa, akaolewa, akaachika. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa akila mayai ya kuchemsha na kunitupia maganda miguuni. Nilipomgombeza, akanipa yai. Nikalila, kwa sababu njaa haina adabu, lakini sikumsamehe.

Bukoba nikabadilisha basi, tukavuka mpaka, tukapita Masaka, nikashuka Mbarara tumbo limeshikana na mgongo. Nikaingia hotelini, nikaagiza chakula na nyama. Mhudumu akauliza, "Chakula gani?" Nikamwambia chochote kilichopo. Ndugu zangu! Alileta sahani imejaa matoke, wali, ugali, viazi, boga na mihogo, vyote pamoja, na nyama pembeni kijibakuli cha kuoshea macho. Kumbe kwao "chakula" ni hivyo vya kushibisha, na nyama ni sosi tu. Nikasema, "Dada, mimi ni mtu mmoja." Akajibu kwa upole, "Ulisema chochote, nyabo," yaani mama. Nikala mpaka nikatoka jasho, na hata hivyo nikaacha nusu, wakanitazama kama niliyetukana ukoo.

Mbarara hadi Kasese, ambako sikuwa ninaenda

Hapa ndipo hasira yangu ilipopata mizizi. Nilimwambia konda wa basi la Kasese, "Mimi naenda Bwera, unishushe panapofaa." Akasema, "Bwera ni Kasese, mama. Kaa tu." Nikakaa. Barabara ikateremka kwenye mbuga, tukavuka daraja la Katunguru, abiria wote wakageukia dirishani kutazama tembo. Mimi nilikuwa na raha zangu, nimeshaambiwa nikae.

Tulipofika Kasese mjini, joto linapanda kutoka kwenye lami, nikamuuliza, "Bwera ni upande gani?"

"Aa mama, Bwera njia yake tuliipita kule Kikorongo, nyuma. Ungeshuka njia panda."

"Si ulisema Bwera ni Kasese?"

"Ndiyo. Iko wilaya ya Kasese."

Wallahi! Ni sawa na mtu anataka kwenda Nzega ukampitiliza mpaka Tabora mjini kwa kuwa Nzega ni mkoa wa Tabora! Nilimwambia hivyo. Hakuijua Nzega, kwa hiyo matusi yangu yote yakaenda bure. Akanibebea begi mpaka nyumba ya wageni karibu na msikiti, akaniombea safari njema. Watu wa kule wanaudhi halafu wanakuwa wema papo hapo, hujui uwashike wapi.

Kasese hadi Bwera, mbele ya simiti

Asubuhi, kwenye kibanda cha chai nje ya msikiti, nikaonyeshwa Haji Abasi, msafirishaji, mtu wa kitambi na kicheko, anayepeleka simiti kutoka kiwanda cha Hima mpaka mpakani. Nikamweleza shida yangu.

"Mama, wewe usihangaike," akasema. "Mimi iko napeleka mzigo leo. Utakaa mbele na mimi kama malkia. Tunaondoka sasa hivi."

Sasa hivi ya Haji! Kwanza lori lilikuwa bado kwenye foleni Hima. Likaja. Kisha akakumbuka kwamba mke wake alitaka mchele wa Mubuku, si mchele mwingine, wa Mubuku, akaenda kuufuata kwa pikipiki. Akarudi na mchele, ikawa adhuhuri, tukaswali. Baada ya swala akasema hawezi kuendesha na njaa. Nilikuwa nimekula chapati mpaka mwenye kibanda ananiita shemeji.

Tulipoondoka hatimaye, hatukwenda mbali. Akina mama wa Kahendero walikuwa kando ya barabara na ngege wabichi wa ziwani. Haji akanunua mafungu mawili, akayaning'iniza kwenye kioo cha pembeni, upande wangu. Kila tukipiga shimo, mikia ya samaki inagonga dirishani kama wageni.

"Haji, hawa samaki watanifuata mpaka lini?"

"Fungu moja ni ya kwako. Utaenda kwa baba mkubwa yako mikono mitupu? Wewe namna gani?"

Ni kweli nilikuwa nimembebea kanzu moja tu.

Mbele kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja akanionyesha kidole. "Wewe mama, shuka! Fungua begi! Toa!" Nikatoa. Kanzu, khanga zangu, na ndoo ya plastiki yenye kifuniko.

"Ndoo ya nini?"

"Ya kuwekea ntuntunu, afande."

"Unatoka wapi?"

"Tabora. Tanzania."

"Umetoka Tanzania kufuata ntuntunu?" Akawaita wenzake. "Kuja! Kuja sikia hii!" Nikasimulia upya, juani, ndoo mkononi, huku wanaume wazima wenye bunduki wanacheka mpaka mmoja akakaa chini. Haji naye anacheka kwenye usukani. Nilipanda lori nimefura kama andazi mpaka Bwera.

Bwera, shambani

Nyumba ya Baba Mkubwa iko juu ya mji, unapanda kwa boda mpaka boda yenyewe inaomba maji, kisha unamalizia kwa miguu. Nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Mrefu, mkavu, pua ya baba yangu kabisa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Mimi Zuhura, mtoto wa Bwambale."

Akaacha kahawa, akanisogelea. Kiswahili chake alikipata alipokuwa kijana kwenye migodi ya shaba, ni kifupi na kikavu kama yeye. "Marahaba. Uso ni ya mama yetu," akasema. "Ingia. Kula."

Nikapewa bundu, ugali wao wa muhogo unaovutika, na sombe, kisamvu chao, iliyopikwa ikaiva sawasawa, na ngege wa Haji. Nikamkabidhi kanzu, nikamwambia imetoka kwa mdogo wake, nimeishona mimi. Akaipapasa mshono, akaikunja, akaiweka kando. Nikangoja aulize: Bwambale hajambo? Anaishije? Hakuuliza. Akaniuliza mvua za Tabora! Mvua! Nikamweleza mwenyewe basi, kwamba baba amedhoofu, hali, na amenituma ntuntunu za shamba la mama yao. Akasikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akasema, "Twende."

Tukapita kwenye migomba na kahawa mpaka ukingo wa shamba la mihogo. Subhanallah! Vichaka vimejipanga ukingo mzima, na ntuntunu zilizoiva zimeanguka zenyewe chini na maganda yake yamekauka, unaziokota tu. Akanivulia moja, akanipa. Nikala. Nikaokota nyingine. Mimi niliyefundishwa madrasani kwamba kula umesimama si adabu, nilisimama pale nikala kama mbuzi aliyefunguliwa, utamu kwanza, kisha uchachu unakuja nyuma na kuamsha mate. Nikaelewa kwa nini mzee hataki uji wangu.

Nikafungua ndoo, nikainama kuokota.

"Weka chini ndoo," akasema.

Nilidhani anataka kunisaidia.

"Kula mpaka tumbo ijae. Kubeba, hapana."

"Baba Mkubwa, si nimekueleza ni za baba?"

"Nimesikia. Hapa kilichopandwa ni ya aliyepanda. Kilichoota yenyewe ni ya anayepita. Anakula akisimama, anaenda. Habebi, hauzi. Mama alisema hivyo, na hakuna mutu amewahi kubeba."

"Lakini zinaoza! Tazama chini!"

"Zioze. Ndege wanakula."

Ndege! Ndege wana haki, na baba yangu mzazi aliyezaliwa pale hana! Nilimwambia yote, jamani. Nilimwambia kwamba baba anaweza kufa. Nilimwambia kwamba kosa la maziko lilikuwa la barabara na si la mtu, kwamba alilia peke yake Tabora hana hata wa kumpa pole, na kwamba kumwekea mgonjwa kinyongo kwa kitunda kisichopandwa na mtu ni roho mbaya. Nilisema "roho mbaya" mbele ya baba yangu mkubwa, nikaona taya lake linacheza.

Hakupandisha sauti. "Bwambale anajua njia," akasema. "Kama anataka, akuje. Akule hapa, akisimama kama mutu."

"Hawezi kusimama! Miguu haina nguvu!"

"Wewe mutoto wake iko wapi? Mushike."

Alinisihi nilale, nikakataa. Alipoona nimeshabeba begi akaingia ndani, akatoka na mfuko wa kahawa. "Hii nilipanda mimi," akasema. "Hii beba." Nikaupokea kwa mikono miwili, kwa kuwa nimelelewa, lakini macho yangu hayakumwambia asante.

Bwera hadi Kasese, na ushauri nisiouomba

Sokoni Bwera nilimkuta Masika, mfanyabiashara Mkongomani wa Butembo, rozari shingoni, ameketi kati ya maharage na vitenge. Pembeni yake beseni. Ndani ya beseni, ntuntunu! Nilikaa juu ya gunia lake nikamwaga yote yaliyonisibu.

"Mungu wangu," akasema Masika. "Mama, usilie. Beba hizi. Ntuntunu yote iko ya Mungu moja, muzee atajua nini? Lakini usizivue nguo. Zikibaki na ganda zinakaa muzuri mpaka kwenu. Ukivua, bon, zinakufa njiani."

"Nimdanganye baba yangu?"

"Si kudanganya, mama. Ni dawa. Mugonjwa anaulizaka dawa imetoka duka gani?"

Nikajaza ndoo. Mnisute mkitaka. Mngeuona uso wa baba akisukuma bakuli, mngejaza mbili.

Jioni ile Haji alikuwa anarudi na lori tupu, akanichukua. Nikamsimulia nikiwa na hakika kwamba huyu angalau atakuwa upande wangu. Akabadilisha gia, akasema, "Lakini mama, hata sisi masheikh wanatufundisha. Ukipita kwa shamba ya mutu na uko na njaa, kula. Kutia kwa nguo, hapana. Huyo mzee haiko Muislamu lakini amesema haki."

"Haji, simamisha gari nishuke."

"Hapa iko mbuga, mama. Iko simba."

Nikabaki, lakini nilimpa mgongo mpaka Kasese. Alinisindikiza mpaka stendi, akanitafutia kiti cha dirishani, akampigia kelele konda wa Mbarara kwamba huyu ni dada yake, asipitilizwe popote. Nikasema asante kwa dirisha nusu.

Nyumbani

Sitaeleza njia ya kurudi. Nilikuwa nikirudia uongo wangu kichwani: kaka yako amekupa, anakusalimu, amefurahi. Kwenye simu sikumwambia kitu.

Nilimkuta barazani, amekonda zaidi. Nikamwekea ndoo mapajani, nikafungua kifuniko. Harufu ikatoka. Akaingiza mkono, akachukua moja, akaigeuza na ganda lake, akatabasamu. Kisha akanitazama.

"Hizi umenunua wapi?"

"Kununua? Ni za shamba la bibi! Baba Mkubwa mwenyewe..."

"Zuhura. Shamba la mama halibebwi."

Nikapiga kifuniko chini.

"Ulijua?" nikasema. "Baba, ulijua hatanipa?"

"Nimekulia pale, nitaachaje kujua? Nilichapwa kwa kubeba mfukoni." Akanivuta karibu. "Niambie alisema nini. Usipunguze, usiongeze."

Basi nikasema, hasira zote zimerudi upya. "Alisema unajua njia. Alisema ukitaka uende ule huko huko, umesimama kama mtu. Nikamwambia huwezi kusimama, akasema nikushike! Hana hata haya!"

Baba akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Nikadhani nimemuua kwa uchungu, nikaanza kumlaani Baluku na kahawa yake. Kumbe mzee anacheka. Anacheka na machozi yanamtiririka kwenye ndevu.

"Amesema niende," akasema.

"Hajasema uende, Baba! Amekunyima!"

"Angetaka kuninyima angekufukuza uani. Tangu mama afe sijasikia neno kutoka kwa kaka yangu. Ningepiga simu angekata. Wewe ulikuwa umesimama mbele yake na sura ya mama, angekukata vipi?"

Yaani nimetupiwa maganda ya mayai, nimepitilizwa Kikorongo, nimegongwa na samaki, nimechekwa na jeshi zima, nimemtukana baba yangu mkubwa shambani kwake, kumbe mimi nilikuwa simu! Wazee wawili wenye vichwa vigumu wametaka kuongea, wakaona bora nivimbe miguu mimi kuliko mmoja wao aanze. Nilimwambia hivyo, na zaidi ya hivyo, majirani wa mtaa wa pili walisikia.

Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa anavua maganda, anakula moja baada ya nyingine, zile za Masika, anakunja uso kwa uchachu wake na kusema za sokoni hazina adabu, na bado anakula. Akaomba uji. Akaumaliza. Kisha akanyoosha mkono.

"Nishike," akasema.

Nikamshika, na hasira zangu zote, nikamshika. Akainuka polepole, uzito wake wote uko begani kwangu, akatulia. Akachukua ntuntunu nyingine kutoka kwenye ndoo, akaila akiwa amesimama.